Robine ya Shaba

Kavira, mwanangu,

Baba yako yuko uani anafunga godoro lako kwa kamba za mpira, na kila akimaliza anafungua tena kwa sababu hapendi vile fundo lilivyokaa. Wewe uko kwa Masika unaaga, na Masika ninamjua, hatakuachia mapema. Donc, kwa hiyo nimepata nafasi ya kukaa hapa kwenye meza ya atelie, karakana yetu ya mafuta, kati ya mizani na ndoo, nikuandikie kabla giza halijaingia.

Sitakuandikia habari ya chandarua, wala ya kuchemsha maji, wala ya kusali. Hayo nilikuambia tangu ulipokuwa unatambaa, na kama hayakuingia basi hayataingia leo. Kesho pikap itakupeleka Mutwanga, kwenye kile kiwanda cha sabuni chini ya mlima, na wamekupa chumba cha kuchanganyia kiwe mikononi mwako. Ulipotuonyesha picha za mapipa kwenye simu, niliona juu ya pipa moja jina ambalo nimeishi nalo kuliko nilivyoishi na baba yako: trietanolamini. Nikacheka peke yangu. Ukaniuliza, "Mama, unacheka nini?" Nikasema, "Bure." Haikuwa bure. Bila kitu hicho wewe usingezaliwa, na hakuna aliyewahi kukusimulia kwa mpangilio. Kila mtu kwetu ana kipande chake. Baba yako anasimulia jicho, Masika anasimulia nzi, na Mukaka wako, bibi yako aliyenizaa, Mungu amlaze pema, alikuwa anasimulia kwamba yeye peke yake ndiye aliyeokoa harusi. Leo nisikilize mimi.

Nilikuwa na umri kama wako. Masika na mimi tulikuwa tunauza mafuta ya kujipaka hapa sokoni Butembo, mafuta ya watu wengine, yaliyotoka Uganda kupitia Kasindi. Siku moja Masika akasema, "Sisi pia tuko na mikono. Juu ya nini tusitengeneze?" Tukajaribu. Tulichukua maji, mafuta na manukato kidogo, tukakoroga mpaka mabega yakauma. Jioni yalikuwa meupe, mazuri. Asubuhi tulikuta maji yamekaa chini na mafuta juu, kila mmoja kwake, kama mke na mume waliolala wamenuniana.

Aliyetufundisha ni sista mmoja muuguzi wa dispansari ya parokia, mtu mrefu ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka. Yeye alikuwa anawatengenezea wagonjwa wake mafuta ya ngozi. Alituambia kuna ukoo wa vitu unaoitwa amini-alkoholi. Kila mmoja wao ana asili mbili, upande mmoja ndugu wa amonia, upande mwingine ndugu wa pombe. Ukikutanisha trietanolamini na asidi ya steariki, ile inayofanana na vipande vya mshumaa, vinashikana na kuwa sabuni laini, na sabuni hiyo inashika maji kwa mkono mmoja na mafuta kwa mkono mwingine. Hawaachani tena.

"Mais, lakini kidogo," akasema. "Kidogo kabisa. Ikizidi, ngozi ya mutu itakuambia."

Tukanunua bidon ndogo, dumu la plastiki. Unakijua kitu chenyewe: kizito, kinang'aa, manjano kwa mbali, na harufu ya amonia ambayo usipokaribia huisikii. Kinafanana na asali kupita kiasi. Umekua ukisikia sheria ya nyumba hii kwamba dawa ya atelie haiingii kamwe kwenye chupa iliyobeba chakula, na labda ulidhani ni ukali wangu tu. Sheria hiyo ilitoka kwa Mukaka. Mimi nilimimina kidogo kwenye chupa ya asali nikaiacha dirishani, na mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Lubero kututembelea, akaichukua kutilia uji wake. Nashukuru alikuwa mtu wa kunusa kwanza. Akairudisha dirishani polepole akasema, "Hii asali ya Vuhovi imekojolewa na paka." Nilicheka, halafu nikaelewa alichokaribia kunywa, nikaichukua chupa ile nikaitoa nje.

Jambo lingine lililotushangaza ni baridi. Asubuhi moja tulikuta bidon nzima imeganda. Tulidhani muuzaji ametudanganya, ametupa mafuta ya mbuzi. Masika hakupenda kungoja, akaiweka juu ya mbabula yenye makaa ya moto. Plastiki ikaanza kulia, moshi ukatushika koo, tukatoka mbio tunakohoa kama mbuzi wenye mafua. Sista aliposikia akatikisa kichwa. "Maji ya uvuguvugu. Muiweke ndani, mungojee. Kule Beni inamwagika yenyewe, hapa Butembo inalala. Mutu mwenye kulala hamumuamshi na moto." Huko Mutwanga kuna joto, hutapata shida hiyo mara nyingi. Lakini siku moja asubuhi ya mvua utaiona imelala, na utajua kwamba haijaharibika.

Sasa sikiliza jinsi baba yako alivyoingia.

Mafuta yetu yalianza kupendwa. Tukaagiza bidon kubwa kutoka Kasindi, na taximan mmoja wa pikipiki akapewa kazi ya kuileta. Alifika mchana, mvua inapiga. Alikuwa kijana mwembamba wa Beni, wa commune ya Ruwenzori, amevaa koti la plastiki lililochanika, na alikuwa anaimba wimbo wa kanisa vibaya sana. Jina lake Kasereka. Alifungua kamba, akaiweka bidon chini, akainama kuangalia kifuniko kwa sababu barabara ilikuwa imekilegeza. Kikaruka. Tone likamwingia jichoni.

Harufu iliniambia kabla ya macho. Ilikuwa amonia kali, kama zizi lililofungwa msimu mzima. Hicho hakikuwa kitu chetu. Muuzaji alikuwa ametupa ndugu yake, monoetanolamini. Wewe umesoma, unajua kuliko mimi: mono, di na tri ni jina moja la ukoo lakini tabia si moja. Mono ana kazi zake nzuri, anatoa grisi kwenye mashine, anaingia kwenye rangi za nywele. Mais anaunguza ngozi, na jicho anaweza kulimaliza.

Kasereka akainua mkono kusugua. Nikaudaka.

"Hapana sugua. Kuja kwa maji."

Nilimvuta mpaka kwenye pipa la mvua, chini ya bati, nikamwinamisha kichwa, nikampanulia kope kwa vidole vyangu huku Masika akimimina kwa jagi.

"Inauma," akasema.

"Najua. Fungula macho."

"Nimefungula."

"Fungula tena."

Baada ya muda akasema, "Inatosha sasa, mama."

"Mimi hapana mama yako. Na haijatosha."

Sista alikuwa ametufundisha kwamba kwenye jicho, maji ndiyo daktari wa kwanza, na kosa la watu ni kuacha mapema, maumivu yanapopungua. Kwa hiyo sikuacha. Pipa lilipopungua Masika alikwenda kuazima maji kwa jirani. Kijana alianza kutetemeka kwa baridi, nikaona atanitoroka. Nikaanza kumuuliza maswali ili abaki.

"Uko na batoto?"

"Bado."

"Uko na muke?"

"Bado. Na kwa jicho moja, nani atanikubali?"

Masika, jagi mkononi, akajibu kwa utulivu kama mtu anayetaja bei ya chumvi: "Huyu anaweza."

Nilitaka kumpiga kwa jagi lile. Kasereka alicheka, kichwa chini, maji yanaingia puani, akakohoa, na mimi nikaendelea kushika kope. Kisha tukampeleka kwa sista, naye akatutuma kwa daktari wa hospitali. Daktari akaangalia kwa taa yake, akasema jicho litakuwa jekundu kwa muda, lakini kioo chake ni kizima, kwa sababu maji yalikuja haraka na hayakukatishwa. Nilitoka pale nikalia nyuma ya jengo, mahali ambapo Masika hakuniona. Baadaye aliniambia aliniona.

Bidon tuliirudisha. Kasereka yeye hakurudishika. Juma lililofuata alikuja na nanasi la Beni. "Nimekuja kukuonyesha jicho." Lilikuwa jekundu kweli, nikaliangalia. Akaja tena kunionyesha. Akaja tena, na jicho limekuwa jeupe kama yai, bado anasema amekuja kulionyesha. Mwisho Mukaka akaniuliza kwa Kinande, mbele yake, kama jicho la mtu huyu lina mpango wa kupona au halina.

Tukaamua kufunga ndoa. Harusi ingefanyika Beni, kwa sababu mama yake hakuweza kusafiri. Na hapo kiburi kikanipanda. Nilitangaza kwamba wasindikizaji wangu wote, waimbaji wa korali ya huku na korali ya kule, shangazi, binamu, kila mtu atang'aa kwa mafuta yaliyotoka mikononi mwangu. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kufanya. Ili trietanolamini isigande, tuliichanganya na maji mapema na kuiweka ndani ya pipa la plastiki. Siku ileile Kasereka akafika na zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya gazeti. Ilikuwa robine ya shaba, bomba la kufungulia pipa, mpya, inang'aa kama pete. "Ili usiwe unainama kila mara," akasema. Alitoboa pipa mwenyewe, akaifunga mwenyewe, akarudi nyuma kuitazama. Sijawahi kupewa zawadi iliyonifurahisha kama ile. Wanawake wengine walipewa vitenge.

Pipa lilikaa siku kadhaa, wakati wazee wakiendelea na mambo yao ya mahari. Siku ya kutengeneza nikafungua robine, maji yakatoka bluu.

"Ni mwangaza," akasema Masika.

Haukuwa mwangaza. Mais harusi ilikuwa karibu, na mimi sikutaka kujua. Tukachanganya. Yakatoka mafuta ya rangi ya bluu, laini, ya kupendeza, bluu ile ya kitambaa cha Mama Maria pale kanisani kwetu. Wanakorali walikuja kuchungulia. Mmoja akaleta mwingine. Kabla ya adhuhuri ua ulikuwa umejaa wanawake wenye makopo. Walisema haya si mafuta ya kawaida, haya ni ya Mama Maria. Kila mmoja alitaka nimbakizie ya nyumbani. Nilijipaka mkononi nikajiona fundi. Ninakuambia hili kwa sababu hata leo ninaikumbuka furaha ile, jinsi sifa inavyopasha mwili moto na jinsi unavyoanza kutembea kwa namna nyingine.

Kitu kidogo tu kilikuwa kinanikwaruza, nacho ni kwamba sikujua bluu ile imetoka wapi. Nikachukua kikopo nikaenda kwa sista. Akanusa, akainua kwenye mwanga, akauliza swali moja.

"Nani aliweka shaba?"

Nikamweleza robine. Akasema vitu vya ukoo huu vinaila shaba polepole, vinaivuta inaingia majini, na rangi hii ndiyo shaba yenyewe. Pipa la plastiki sawa, chuma kisichoshika kutu sawa, shaba hapana.

"Itafanya nini kwa ngozi?" nikauliza.

"Kwa mutu mukubwa, pengine hakuna kitu. Kwa mutoto mwenye vidonda, mimi sijui. Wewe unajua?"

"Hapana."

"Basi," akasema, akarudi kwa wagonjwa wake.

Nilitembea nyumbani nimeshika kikopo hicho. Mlangoni Masika alikuwa ameshawapanga wanawake kwa foleni. Nikasema mbele ya wote kwamba mafuta hayatoki. Masika akanivuta pembeni, amekunja uso.

"Batu banaipenda."

"Banapenda rangi. Hakuna anayejua iko nini ndani. Hata mimi."

"Na harusi?"

"Sijui."

Alinigeuzia mgongo. Nilidhani nimempoteza rafiki. Kisha akakunja mikono ya blauzi yake akasema, "Leta majembe." Hatukumwaga mtoni, kwa sababu watu wanateka maji hapo chini. Tulichanganya na vumbi la mbao kutoka kwa seremala, tukazika mbali na kisima, sehemu ambayo hadi leo hatulimi. Wanawake walirudi na makopo yao matupu, wengine wakiguna. Mmoja alisema tumewanyima neema.

Kilichokuwa kigumu kuliko kuzika ni kumwambia baba yako. Nilikuwa nimeitoa robine, nimeifunga kwa gazeti lake lilelile, na nimeandaa maneno mengi ya kumpoza. Alifika, akaangalia pipa.

"Robine iko wapi?"

Nikaanza maneno yangu. Hakuniacha nifike katikati. "Ni robine yangu ndiyo ilifanya bluu?" Nikasema ndiyo. Akakaa chini, palepale kwenye udongo, na suruali yake nzuri, akacheka mpaka akashika mbavu. "Donc mimi ndiye niliyeipaka harusi yangu rangi." Nilikuwa nimeogopa atanuna. Nilipomwona pale chini, machozi ya kicheko yanatoka kwenye jicho lile nililoliosha, nilijua ninaolewa na nani.

Mafuta ya harusi yalikuwa yamezikwa, na siagi iliyochukua nafasi yake ilikuwa wazo la Mukaka. Alituona tumekaa kama wafiwa, akauliza, "Kabla ya bidon zenu, sisi tuling'aa na nini?" Akapanda gari kwenda Lubero, akarudi na siagi ya ng'ombe imefungwa kwenye majani ya migomba, ya kutosha harusi nzima. Tukateremka nayo Beni.

Lakini siagi ya Lubero imezoea baridi ya Lubero. Beni jua lilikuwa kali. Ilipofika sadaka, kila shingo ilikuwa inatiririka, korali nzima inanuka maziwa, na nzi wa parokia yote walikuwa wamepata habari. Padri alisimama kwenye mahubiri, akavuta pumzi, akasema, "Leo Lubero yote imeingia kanisani." Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Nje, mbwa wa jirani alimfuata Masika akimlamba vifundo vya miguu, na Masika alicheza ngoma yote huku akimkwepa, hivi kwamba watu walidhani ni mtindo mpya kutoka Kinshasa wakaanza kuuiga. Tulicheza mpaka kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikaisha. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa hawezi kusimama, alipiga makofi akiwa kitini na kurudia, "Wasingya kutsibu, wasingya kutsibu," asante sana, asante sana, kwa kila mtu aliyepita mbele yake akiwa anang'aa.

Baada ya harusi nilirudi sokoni nikitegemea kuchekwa. Mwanamke yule aliyesema tumewanyima neema ndiye alikuja wa kwanza. Akasukuma kopo lake mezani. "Wewe ndiye ulizika mafuta ya bluu. Nipe yale meupe." Akaleta dada zake. Sikuwa nimetegemea hivyo. Nilizika kwa woga zaidi kuliko kwa wema, na watu wakanipa sifa ya wema. Nimejaribu kuistahili tangu hapo.

Umeona mengine kwa macho yako. Uliona miaka ambayo ndugu wa Beni walikuja wamekimbia vita, wakalala hapa kati ya ndoo, na shangazi yako akasema hajawahi kulala mahali panaponukia vizuri hivi. Uliona miaka ya ugonjwa, kila mlango na ndoo ya kunawa, sisi tunapika sabuni mpaka vidole vinakunjamana. Hata nyakati zile kulikuwa na kicheko humu ndani. Sikukilazimisha. Kilikuja na watu.

Jambo ambalo hukuliona ni hili. Uliposema unataka kusoma kemia, nilisema hapana siku nyingi, nikakusukuma kwenye uuguzi. Nilikuambia ni kwa ajili ya kazi. Haikuwa kazi. Kila nilipofikiria wewe na mapipa, niliona jicho chini ya bati. Halafu ukarudi nyumbani likizo ya kwanza, ukasoma majina kwenye rafu yangu, ukaniuliza kwa heshima kama nimewahi kuweka pamoja na amini ile chumvi ya kuhifadhia nyama ambayo muuzaji mmoja alikuwa akitushauri. Ukanieleza kwamba zikikutana zinaweza kuzaa kitu kinacholeta kansa. Ukaichukua ukaitoa nje, ukarudi ukaendelea kula bugali na sombe yako. Nilikaa nikakutazama unavyokula. Tangu siku ile ninakuogopea kidogo tu, kiasi cha kawaida cha mama.

Huko Mutwanga kutakuwa na wakubwa wenye haraka, na pipa ambalo rangi yake hukuitegemea, na watu wazuri wanaongoja nje na makopo. Sikuandikii utakachosema. Utakijua, au utamuuliza anayejua, na ukikosea utakuwa umekosea ukiwa na macho wazi. Pata Masika wako huko, mtu wa kukukasirikia halafu akaleta jembe. Na akitokea kijana anayeimba vibaya, usimhukumu kwa wimbo wa kwanza.

Nasikia sauti yako njiani, na ya Masika, amekusindikiza. Mnabishana juu ya kitu. Baba yako ameridhika na fundo, nadhani, maana hajalifungua tena.

Nitakuja kabla ya Krismasi. Usije kunipokea barabarani. Nataka niulize njia mwenyewe, nifike, nipige hodi kwenye mlango ambao sijawahi kuufagia, na wewe uulize kutoka ndani, kwa sauti ya mwenye nyumba, "Nani?"

Mama yako,
Kahindo